Dume Lililoombwa kwa Barua

Mwalimu Asajile alifundisha Kiingereza kwa miaka thelathini na minne. Siku aliyostaafu alirudi kwao Kyimo na sanduku la nguo, godoro, na kamusi. Kamusi hiyo ilichapwa kabla yeye mwenyewe hajazaliwa. Ilikuwa nene kama tofali la kuchoma, na jalada lake lilikuwa limeshonwa kwa uzi wa fundi viatu. Mkewe, Neema, aliitengea rafu yake peke yake sebuleni, maana aliona hakuna namna nyingine ya kuishi nayo kwa amani.

Watu wa Kyimo walimheshimu. Mtu akipata karatasi yoyote ya Kiingereza, iwe maelekezo ya dawa ya minyoo au fomu ya chuo ya mtoto, alimpelekea. Hakuwa anatoza kitu. Alichotaka ni kusikilizwa tu. Ukimletea neno moja, alikueleza lilizaliwa wapi, lilikua vipi, na lina ndugu gani katika lugha nyingine, na wewe ukarudi nyumbani ukakuta ugali umeshapoa.

Hapo Kyimo palikuwa na kikundi cha wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, watu kumi na tisa. Mwenyekiti wao alikuwa Bupe, mjane wa makamo ambaye wote walimwita Mama Belinda kwa jina la binti yake aliyekuwa anasoma chuo Mbeya. Mama Belinda aliishia darasa la saba. Alifaulu kwenda sekondari, lakini mwaka ule nyumbani kwao palikuwa na uwezo wa kusomesha mmoja, na mmoja huyo akawa kaka yake. Kiingereza chake kilibaki pale kilipoachwa. Lakini alimjua ng'ombe. Aliweza kusimama nje ya banda, akasikiliza ng'ombe anavyocheua, akakwambia kama kesho maziwa yatapungua.

Shida ya kikundi ilikuwa dume. Dume lao la zamani lilikuwa limezeeka, na tena karibu kila mtamba pale kijijini alikuwa binti yake. Mtaalamu wa uhamilishaji, yaani wa kupandikiza ng'ombe mbegu, alikuwepo, lakini alitoka Tukuyu kwa pikipiki akiwa na vijiji vingine kumi vinavyomngoja, na mara nyingi alifika joto la ng'ombe limeshapita.

"Ng'ombe hasubiri simu ipokelewe," Mama Belinda alikuwa akisema.

Basi usharika wao ulikuwa na marafiki huko Uingereza, watu wa kanisa la mji mmoja wenye mashamba, na mwaka huo marafiki hao waliandika kwamba wangependa kukipa kikundi zawadi. Wakasema: tuambieni mnachohitaji, sisi tutawasiliana na shamba kubwa la mifugo la huko huko kwenu nyanda za juu, nao watawaletea.

Kikao kikaitishwa kwenye ukumbi wa usharika. Kila mtu alijua cha kuomba. Kazi ilikuwa kukiandika.

Ezron, seremala aliyemaliza kidato cha nne, alikuwa ameandaa rasimu. Akasimama akaisoma. Alipofika kwenye "one male cow", Mwalimu Asajile alifumba macho kama mtu aliyeumwa jino.

"Ezron."

"Naam, Mwalimu."

"Kiingereza nilikufundisha mimi?"

"Ni wewe, Mwalimu."

"Basi nihurumie. 'Cow' ni ng'ombe jike. Sisi kwetu ng'ombe ni ng'ombe, halafu tunaongeza dume au jike. Mwingereza hafanyi hivyo. Ukimwandikia 'male cow' ni kama umemwambia tunaomba shangazi wa kiume."

Ukumbi ukacheka. Ezron naye akacheka, akafuta kwa kalamu.

"Si ni 'bull' tu?" akauliza Mama Belinda kutoka kwenye kiti cha mbele. "Yule mtaalamu wa mbegu ana kitabu chenye picha za madume. Kila picha imeandikwa 'bull'."

Mwalimu alimtazama kwa upole, kama alivyokuwa akiwatazama wanafunzi waliopata jibu lenye nusu maksi.

"'Bull' siyo kosa, mwenyekiti. Lakini ni neno lililochakaa. Vijana wa siku hizi kwenye filamu, mtu akisema upuuzi, wanamwambia 'bull'. Hii ni barua ya kanisa. Inasomwa mbele ya watu waliovaa tai." Akafungua kamusi aliyokuja nayo, akashuka kwa kidole hadi chini kabisa ya ukurasa. "Hili hapa. 'Bullock'. Sikilizeni: dume changa la ng'ombe. Neno la kale kabisa. Hiyo 'ock' ya mwisho ni ya udogo, kama sisi tunavyoweka 'ki' mbele. Mlima, kilima. Wao 'hill', halafu 'hillock'. 'Bull', halafu 'bullock'. Tunataka dume changa au zee?"

"Changa!" wakaitika.

"Mnaona? Neno lenyewe limebeba umri ndani yake."

Mzee Geresoni, aliyekuwa mkubwa kuliko wote na mwenye Kiswahili kilichojaa Kinyakyusa, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Ndaga fijo, Mwalimu," alishukuru. "Sisi kila dume ni ingambaku tu, miaka yote. Kumbe Wazungu wana dogo na kubwa."

Mama Belinda akaegemea kiti chake. "Wewe ndiye mwalimu," akasema.

Siku ya pili Mwalimu akavaa koti, akapanda kwenda Tukuyu, akachapishiwa barua kwenye steshenari ya pale Bulyaga, ikatumwa kwa barua pepe. Ilisema kikundi kinaomba "bullock" mmoja, mkubwa wa umbo, mpole wa tabia, wa ukoo wa maziwa. Alipoisoma kwenye kioo cha kompyuta kabla haijatumwa, moyo wake ulijaa. Aliona hakuwa ameandika sentensi nzuri kama zile tangu astaafu.

Majibu yakaja kwa furaha, na miezi miwili baadaye lori likaingia Kyimo.

Ilikuwa Jumamosi, saa nne asubuhi, na ukungu ulikuwa umeinuka kidogo ukaruhusu mlima uonekane nusu. Kwaya ya akina mama ilikuwa imejipanga pembeni ya barabara na sare zao za zambarau. Mama Belinda mwenyewe alikuwa sauti ya pili. Dereva wa lori, kijana mwenye kofia aliyejitambulisha kuwa ni Fred, akashusha ubao wa nyuma, akaweka mbao za kutelemkia, na mnyama akatoka.

Hapo watu walishika vichwa. Alikuwa mkubwa kama lori dogo. Mweusi mwenye mabaka meupe, mgongo umenyooka kama meza, shingo nene, na macho ya upole mtupu. Alitelemka hatua kwa hatua bila kuvutwa, akasimama katikati ya watu mia na zaidi, akaanza kula ua la kwenye kofia ya mke wa mchungaji. Kwaya ikapandisha sauti. Akina mama wakapiga vigelegele. Wakaanza kumwita Mkwe, kwa kuwa alikuja kuoa kila nyumba, na jina likamshika papo hapo.

Kwaya ilikuwa imesimama nusu duara. Wale wa mbele walimwona Mkwe uso. Wale wa mwisho walikuwa wamemzunguka hadi nyuma. Na wimbo ulianza kufa kutoka huko nyuma. Kwanza alinyamaza mama mmoja wa sauti ya tatu. Akamgusa jirani yake kwa kiwiko, jirani akainama kidogo, naye akanyamaza. Ukimya ukasogea hivyo, sauti moja baada ya nyingine, mpaka wakabaki watu watatu wa mbele kabisa wanaimba peke yao kwa macho yaliyofumbwa. Mama Belinda alikuwa mmojawapo. Alipofumbua macho na kuona wenzake wote wanatazama sehemu moja, akatoka kwenye mstari, akapita ubavuni mwa Mkwe, akafika nyuma, akachuchumaa.

Akakaa pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Mwalimu," akaita. "Hebu njoo huku."

Mwalimu Asajile akaja na koti lake na kalamu mfukoni.

"Unaona nini hapo?"

"Ninaona... ng'ombe."

"Hapo nilipoelekeza kidole."

"Sioni kitu."

"Hata mimi sioni kitu," akasema Mama Belinda. "Ndiyo shida yenyewe."

Mzee Geresoni naye akainama kwa fimbo yake, akatazama, akainuka. "Huyu ni maksai," akatangaza kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la msiba. "Wamemhasi kitambo. Kovu limeshapona."

Watu wakageuka wote kumtazama dereva. Fred akarudi nyuma hatua mbili, akachomoa karatasi kwenye shati.

"Mimi nimeleta kilichoandikwa, wazee wangu. 'Bullock', mmoja. Mkubwa. Mpole. Si mpole huyu?"

Hakuna aliyeweza kumbishia. Mkwe alikuwa ameshamaliza ua na sasa alilamba kiwiko cha mchungaji.

"Bullock ni dume changa!" Mwalimu akasema. "Shamba lenu halijui Kiingereza!"

"Meneja wetu ni Mwingereza, mzee," akajibu Fred kwa adabu.

Mwalimu hakungoja chai iliyoandaliwa. Alikwenda nyumbani kwa miguu, haraka, akipita katikati ya migomba ili asikutane na mtu. Akaitoa kamusi kwenye rafu, akaifungua pale pale. "Bullock", neno la mwisho chini ya ukurasa. Maana ya kwanza, ya kale: dume changa la ng'ombe. Mwisho wa mstari palikuwa na alama ndogo ya nukta na mkato, ambayo kwa miaka thelathini na minne aliwafundisha watoto wa watu kwamba maana yake ni maneno bado yanaendelea. Akafunua ukurasa. Juu kabisa, upande wa pili, paliandikwa: siku hizi, dume lililohasiwa.

Neema alimkuta amekaa chini na koti lake, kamusi mapajani.

"Limebadilika," akamwambia mkewe. "Neno lilizaliwa na maana moja, likakua likawa na nyingine. Zamani alikuwa dume kamili."

"Kama ng'ombe mwenyewe," akasema Neema, halafu akatoka nje haraka akacheke mbali.

Belinda, kutoka chuoni Mbeya, alipopata habari alipiga simu. "Mwalimu, shikamoo. Lakini ungeangalia Google tu, jamani. Sekunde tatu." Mwalimu akamwitikia marahaba, akakata simu.

Wiki mbili zilizofuata zilikuwa ngumu kwa Mwalimu. Sokoni Tukuyu wauza maparachichi walimsalimia, "Mwalimu Bullock, habari za nyumbani?" Ezron alimpita barabarani akiwa na mbao begani, akasema kwa heshima zote, "Shangazi wa kiume hajambo?" Kanisani alikaa benchi la mwisho. Hakuwahi kujua kwamba aibu ina uzito wa mwilini, lakini sasa alijua. Ilikuwa inakaa mabegani, na ilimzuia hata kuchukua kamusi.

Kikundi nacho kiligawanyika. Mzee Geresoni alitaka Mkwe anoneshwe mpaka Krismasi, achinjwe, watu wasahau. Wengine walisema marafiki wa Uingereza waambiwe kwamba dume lilipata homa likafa, watume jingine. Ilisemekana hata Mwalimu alikuwa ameanza kuandika barua ya namna hiyo. Ilikuwa kweli. Alikuwa ameandika aya moja nzuri sana kuhusu homa.

Mama Belinda alikwenda kwake Jumanne mchana na chupa ya maziwa mgando. Akamkuta barazani.

"Nimesikia ng'ombe wangu amekufa," akasema.

Mwalimu akaigeuza karatasi aliyokuwa anaandika, ikalala kifudifudi.

"Nimemwacha nyumbani anakula. Kwa maiti, anakula sana." Akakaa. "Mwalimu, mimi sitaweka sahihi yangu kwenye homa. Wale watu watakuja mwakani. Watataka kuona kaburi. Tutachimba kaburi la ng'ombe aliye hai?"

"Mama Belinda," Mwalimu akasema taratibu, "ulisema 'bull'. Mbele ya watu wote ulisema, nami nikakudharau. Neno lako lilikuwa sahihi tangu mwanzo. Nisamehe."

Mama Belinda alikuwa amejiandaa kwa ubishi, si kwa hilo. Akashughulika na kifuniko cha chupa.

"Nimekusamehe. Lakini nina sharti. Barua ya safari hii tunaandika wote wawili, na hakuna neno linaloingia kabla hujaniambia maana yake. Zote. Mpaka chini ya ukurasa, na ng'ambo yake."

Akaletewa kiti cha mezani. Neema akachemsha chai. Mwalimu akaitoa kamusi kwa mikono miwili, kama mtu anayemtoa mbwa aliyeuma mgeni. Na kwa kuwa Mama Belinda alikuwa Mama Belinda, hawakuandika hata mstari mmoja kwa saa mbili za kwanza, maana swali lake lilikuwa, "Kwanza niambie. Hawa Wazungu wana majina mangapi ya madume? Nisije nikaomba jogoo nikaletewa bata."

Mwalimu alianza kwa kusitasita, halafu akapata moto. Akamwambia kondoo dume ni "ram", na neno hilo hilo likitumika kama kitendo ni kugonga kwa nguvu, kwa sababu ndiyo kazi ya kichwa chake. Bata mzinga alimruka, akaenda kwa bata bukini: dume lake ni "gander", na huko mitaani kwao mtu akikwambia upige "gander", anakuambia uchungulie, maana dume la bata bukini hunyoosha shingo lake kuchungulia kila kitu.

"Kama Geresoni," Mama Belinda akasema.

"Bata wa kawaida, dume lake ni 'drake'. Hapo wataalamu wenyewe hawana hakika. Wengine hudhani zamani lilikuwa na maana ya mfalme wa bata."

"Mfalme! Huyu huyu anayekojolea maji anayokunywa?"

"Huyo huyo. Mbuzi dume ni 'billy'. Hilo ni jina la mtu. Paka dume ni 'tom'. Hilo pia la mtu."

Mama Belinda aliweka kikombe chini. "Yaani mtu anaitwa Tom, na paka anaitwa Tom?"

"Ndiyo."

"Na hawagombani?"

"Wamezoea."

"Sisi mbuzi dume tunamwita beberu, halafu wale waliotutawala tukawaita mabeberu. Wao wanajua?"

"Nadhani wanajua."

"Basi kwenye barua tusiguse mbuzi kabisa."

Akamwambia habari za "stallion", farasi dume, kwamba neno hilo lina undugu na neno la banda, kwa kuwa farasi wa kuzalisha alifungiwa bandani ale na kungoja kazi. Akamwambia jogoo alivyokuwa na jina lake la zamani, lakini jina lile likapata maana ya aibu mitaani, Wamarekani wenye staha wakaona haya kulitamka, wakamwita "rooster", maana yake yule anayelala juu ya kijiti.

"Kwa hiyo walimwogopa jogoo kwa ajili ya neno," akasema Mama Belinda. "Na wewe ukaogopa 'bull' kwa ajili ya neno. Mmefanana."

Mwalimu alicheka. Ilikuwa mara yake ya kwanza tangu lori lije, na Neema jikoni alisimamisha mwiko kusikiliza.

"Na nyuki?" Mama Belinda akauliza. Alikuwa na mizinga miwili nyuma ya nyumba.

"Nyuki dume ni 'drone'."

"Si ile ndege ndogo ya kupigia picha harusi?"

"Imeitwa kwa jina lake. Nyuki dume hachumi, hang'ati, hajengi. Anavuma tu. Akishatimiza kazi yake moja kwa malkia, anakufa. Akishindwa, wenzake wanamfukuza mzingani."

Mama Belinda alitafakari jambo hilo kwa uzito. "Kwa nyuki," akasema, "ningekuwa mwenyekiti wa muda mrefu."

Jua lilikuwa limeshapita juu ya nyumba walipoanza barua. Mwalimu aliandika sentensi ya kwanza, ndefu, yenye mikono na miguu mingi, akaisoma. Mama Belinda akauliza maana. Akaambiwa. Akasema, "Hiyo yote ni kusema habari zenu?" Mwalimu akaikata, akaandika "How are you?" Waliposonga mbele wakafika pale pagumu.

"Inabidi tueleze ana kasoro gani," akasema Mwalimu. "Nimeandika kwamba mnyama, kwa bahati mbaya, amenyimwa uwezo wa kuendeleza ukoo."

"Andika hana kende."

"Mama Belinda! Barua inasomwa kanisani!"

"Hao si ni wafugaji? Ng'ombe wao wanazaa kwa maombi?"

Walibishana hapo kwa muda mrefu kuliko sehemu nyingine yoyote, na mwisho wakapatana: "He cannot be a father." Hawezi kuwa baba. Mama Belinda alipenda sentensi hiyo alipofafanuliwa. Alimfanya Mwalimu aisome mara tatu, naye akairudia polepole, akionja kila neno. Alisema ina huruma ndani yake, na tena kila mtu ataielewa.

Sentensi ya mwisho Mwalimu aliiandika peke yake, bila kumwuliza. Ilisema: tuliomba "bullock" na tulihitaji "bull", mwenyekiti wetu alilijua neno sahihi, na mimi sikumsikiliza, kosa ni langu. Alipomtafsiria, Mama Belinda alitazama pembeni kwenye migomba.

"Hilo la mwenyekiti si lazima," akasema.

"Ni lazima."

"Basi liache," akasema haraka, kabla hajabadilisha mawazo.

Majibu hayakuja mara moja. Ilipita mwezi mzima, na Mzee Geresoni alishaanza kumpima Mkwe mbavu kwa macho. Halafu simu ikaja, si kutoka Uingereza, bali kwa meneja wa lile shamba. Alizungumza Kiswahili kizuri kuliko walivyotegemea. Akamwambia Mama Belinda kwamba barua yao ilisomwa huko kanisani na watu walicheka mpaka ibada ikachelewa, na bibi mmoja mfugaji wa miaka tisini alisimama akasema hajapata kupokea barua ya kweli kama ile tangu azaliwe. Yeye meneja alidhani watu wa Kyimo wameamua kulima kwa ng'ombe, akawachagulia maksai bora kuliko wote. Kumrudisha haikuwezekana, kwa kuwa mnyama akishatoka shambani hapokelewi tena kwa kuhofia magonjwa. Lakini angewatumia dume jingine. Bado mdogo, wangemlea mwaka mmoja kabla hajaanza kazi.

"Bull?" akauliza Mama Belinda kwenye simu.

"Bull," akasema meneja.

"Mzima? Kila kitu?"

"Kila kitu, mama."

Fred alimleta wiki iliyofuata, mchana wa mvua, bila kwaya. Walimkagua watu sita kwa zamu, Mwalimu Asajile akiwa wa sita, na Mzee Geresoni akatamka kwamba hesabu imekamilika. Ezron aliuliza apewe jina gani. Mama Belinda akasema asipewe jina lolote mpaka azae kwanza.

Kuhusu Mkwe, mvua za Aprili ya mwaka uliofuata ndizo zilizoamua. Mwaka huo barabara ya kutoka mabandani hadi kituo cha maziwa ikawa tope la kuteleza, bodaboda zikaanguka na madumu, na siku mbili mfululizo maziwa ya watu yalichachia njiani. Ezron alichonga nira na mkokoteni mzito wenye magurudumu ya gari bovu. Mkwe hakuwahi kufundishwa pale Kyimo, lakini huko alikotoka alikuwa amefundishwa vizuri mno. Alifungwa, akageuza shingo kuwatazama kama anayeuliza mbona walichelewa, akavuta. Madumu ishirini na nne yalifika bila tone kumwagika. Mama Belinda alitembea kando yake mvuani, na kwenye kilima cha mwisho watu walisimama milangoni kumwangalia anavyopanda.

Mwalimu Asajile alikuwa kituoni siku hiyo na mwavuli, akisubiri chupa yake. Baada ya hapo akaanza kwenda nyumbani kwa Mama Belinda kila Jumanne mchana na kamusi. Mwanzoni ilikuwa kwa ajili ya barua ya shukrani. Kisha ilikuwa kwa sababu wale marafiki walisema watakuja Septemba, na mwenyekiti alitaka kuwaonyesha banda mwenyewe, kwa kinywa chake, bila mkalimani. Alikuwa ameshapita madume, akaingia kwa majike, ndama, mitamba, na magonjwa ya kiwele.

Wageni walipofika, Septemba, watu wanane na miamvuli yao, Mama Belinda aliwapokea kwenye lango akiwa na kitenge kipya. Mwalimu alisimama nyuma yake, tayari kumsaidia. Mwenyekiti aliwazungusha mabanda yote. Alichanganya nyakati, alisahau maneno madogo, na hapa na pale aliweka neno la Kiswahili katikati bila kuomba radhi, lakini hakuna aliyepotea. Kwenye banda la mwisho mgeni mmoja, mzee mrefu mwenye buti, alimnong'oneza Mwalimu kwa Kiingereza akimwuliza mama huyu alisomea wapi.

Mwalimu alifungua kinywa kujibu, halafu akakifunga.

"Muulize mwenyewe," akasema. "Anasikia."

Mama Belinda aligeuka, akafuta mikono kwenye kitenge, akamwambia yule mzee akae, maana hadithi ni ndefu, na chai ipo.